Mkono Juu ya Tangi

Kuna kazi zinazochosha mgongo, na kuna kazi zinazochosha uso. Ya kwangu ilichosha uso. Kwa miaka kadhaa, kila pamba ilipokwisha kuuzwa na watu wa Shinyanga wakapata nafasi ya kufikiria mambo ya furaha, mimi nilikuwa nasimama kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, jua likinipiga utosini, nikiwaambia wanaume wazima kwamba pikipiki zao haziingii mashindanoni. Walinuna. Walinitukana kwa Kisukuma wakidhani sisikii, kisha wakanitukana kwa Kiswahili ili wawe na uhakika. Jioni, mashindano yakiisha salama, hakuna aliyekuja kunipa mkono wa ahsante. Kwa nini aje, wakati hakuna lililotokea? Mkaguzi akifanya kazi yake vizuri halitokei lolote, na sijaona mtu anayeshukuru kwa ajali ambayo hakuipata.

Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kinu cha pamba. Kwetu ni Ushirombo, mimi ni Msumbwa, na ufundi nilijifunza kwenye karakana ya misheni chini ya bruda mmoja mkali aliyekuwa akigonga meza kwa spana tukisinzia. Sisemi haya kwa kujivuna. Ndiyo yaliyoniponza.

Pikipiki zenyewe zilikuwa za kizamani hata kwa wakati ule. Zilikuwa za Kiingereza, zilizoachwa na maofisa wa kikoloni, wamisionari na wanunuzi wa pamba, nzito kama ndama, zenye silinda moja na sauti ya kutwanga. Watu walizifukua mabandani wakazifufua. Zilipoanza kuingia zile nyepesi za Kijapani, kamati ya mashindano ilizikataza kushindana, kwa sababu zingeshinda zote na raha ingeisha. Kwa hiyo sheria ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba mashine iwe kuukuu. Halafu mashine hizo kuukuu zikatakiwa zikimbie kwa nguvu zote kwenye barabara ya vumbi, kutoka mnadani hadi nyuma ya kinu cha pamba, zikate korongo la mchanga na kurudi. Mtu mwenye akili timamu angeona pale pale kwamba mkaguzi atapata taabu.

Taabu yenyewe haikuwa ile niliyoitarajia. Usukumani ngoma ina pande mbili, na mtu huwa wa upande wa wazazi wake. Mavuno yakiisha, pande hizo zinashindana kuvuta watazamaji, kila upande na manju wake na dawa zake, na ushindani huo si mchezo. Pikipiki zilikuja msimu ule ule, uwanja ule ule, kwa watu wale wale, zikarithi tabia zile zile. Pikipiki ya upande huu ilifanyiwa dawa kama ngoma inavyofanyiwa, na mkono wa mtu wa upande ule haukuruhusiwa kuigusa hata kidogo. Fundi wa upande mmoja akisema breki za wenzao ni mbovu, ugomvi ulikuwa unawaka. Wakaamua watafute mtu asiye na upande. Wakatazama huku na huku, wakaniona mimi, Msumbwa wa watu, Mkatoliki, natoka kinuni na nyuzi za pamba kichwani.

Nilikubali kwa sababu mke wangu ni Msukuma wa karibu na Tinde, na nilidhani wakwe watafurahi. Siku ya kwanza nikainama kushika gurudumu la pikipiki ya kwanza, watu wakapiga kelele kana kwamba nimeshika mke wa mtu.

"Fundi, kagua," mwenyekiti wa mashindano akaniambia kwa upole. "Lakini usiguse."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hivyo nikajifunza kukagua mikono ikiwa nyuma, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Kila kitu alikifanya mwenye pikipiki. Vuta breki. Achia. Sukuma mashine mbele, vuta breki tena. Zungusha mkono wa mafuta, achia, nione kama unarudi wenyewe, maana usiporudi wenyewe ukianguka injini itaendelea kukuburuta. Tikisa usukani. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, sasa chukua spana ugonge njiti zake moja moja. Hapo nilifumba macho. Njiti iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya bati, na sauti haina upande. Boliti ya kumwagia oili lazima ifungwe kwa waya, kwa sababu ikidondoka oili humwagika kwenye gurudumu la nyuma. Taa, vioo na stendi vinatolewa vyote. Buti za ngozi, na kofia ngumu kichwani.

Kofia ngumu zilitoka Geita. Mgodi wa zamani ulipofungwa, kofia za wachimbaji zilisambaa nchi nzima ile, akina mama wakawa wanazitumia kupimia mahindi, na wakimbiza pikipiki wakazivaa zikiwa bado na kishikizo cha taa kwenye paji la uso. Nilizikubali. Ningefanyaje? Buti ndizo zilizonitoa jasho. Mmoja alikuja na katambuga za tairi akaapa kwamba tairi ni tairi, kama inafaa chini ya gari itafaa chini ya mguu. Mwingine alikuwa amefunga breki ya nyuma kwa kamba ya katani. "Fundi, kamba hii ni mpya," akaniambia kwa huzuni ya kweli, na nilimwonea huruma, lakini nilimrudisha nyumbani na kamba yake mpya.

Sheria iliyokuja kunila mwenyewe ilikuwa ya zizi.

Mwaka mmoja nilikagua pikipiki nikaridhika nazo zote. Kabla ya kuanza, mganga wa upande mmoja akapita kuikamilisha ya kwao. Alikuwa na samli iliyochanganywa na unga wa dawa, akaipaka mashine yote kwa moyo mkunjufu, usukani, tangi, magurudumu, mpaka ndani kwenye ngoma za breki. Alimpenda yule kijana mwendeshaji na hakutaka kubakiza mahali pasipolindwa. Kijana alifika kwenye kona ya kwanza akavuta breki, ikawa kama kumshika kambare. Alipita katikati ya wauza viazi akavunjika mfupa wa bega. Mganga akasema hiyo ni kazi ya upande wa pili, na watu wake wakamwamini.

Mimi nilienda kuwatazama ng'ombe. Pale mnadani, ng'ombe aliyepimwa na bwana mifugo hupakwa rangi akaingizwa zizi lake, na akichanganyika na wasiopimwa anarudishwa nyuma hata kama ni wa mbunge. Hakuna mfugaji anayebishia jambo hilo. Nikaiambia kamati: tuwe na zizi la pikipiki. Ikishakaguliwa, mwenyewe atachovya kidole kwenye chokaa achore mstari juu ya tangi, aiingize zizini, atoke. Tangu hapo mpaka bendera ya kuanzia, hakuna mkono wa kuigusa, uwe wa mganga, wa fundi au wa mama mzazi. Itakayoguswa inatoka.

Mwenyekiti alitangaza kwa kipaza sauti, Kiswahili kwanza, Kisukuma baadaye, na uwanja mzima ukashangilia. Sikuwa nimewahi kushangiliwa. Ilinichukua muda kuelewa. Kila upande ulifurahi kwamba sasa dawa za wenzao hazitaweza kuingia zizini. Mimi nilikuwa nawaza samli. Basi sheria ikapendwa na wote, kwa sababu ambazo hazikuwa zangu, na nikaona haidhuru, ili mradi breki zibaki kavu.

Sasa nieleze habari za nyumbani kwangu.

Mke wangu alikuwa mtoto wa kwanza kwao. Mama yao alifariki mapema, akawalea wadogo zake wawili wa kiume, mmoja akiwa mgongoni na mwingine ameshika nguo yake. Nilipomwoa, niliwaoa wote watatu. Yule mkubwa wa hao wawili alipata pikipiki kutoka kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, mashine nyeusi yenye tangi la kijani, na alikuwa anaiendesha vizuri mpaka watu wa upande wa pili walikuwa wanakuja kumtazama kwa siri. Niliikagua kila mwaka. Ilikuwa nzima kila mwaka.

Mwaka aliokufa ilikuwa nzima pia. Alianguka nyuma ya kinu, mahali pameyooka, pasipo shimo wala mbuzi aliyekatiza. Waliokuwa karibu walisema tu kwamba aliondoka juu ya mashine. Nilifika mbio. Wengine walikuwa wamemzunguka yeye, na kwa kuwa hapakuwa na la kumfanyia, niligeuka nikaitazama pikipiki ikiwa imelala mchangani. Nilizunguka nikainama kila upande, mikono ikiwa nyuma kwa mazoea. Breki kamili, njiti kamili, waya wa boliti mahali pake. Hata leo sijui alikufa kwa nini. Nilimweleza mke wangu hivyo, nikidhani kwamba itamfariji kujua mashine haikuwa na kosa. Ni moja ya mambo ya kipumbavu ambayo mume anaweza kumwambia mke wake matangani, na wanaume huyasema kila siku.

Mdogo aliyebaki hakulia msibani. Arobaini ilipopita aliichukua pikipiki, akaileta nyumbani kwetu, akaifungua yote uani na kuanza kuifunga upya. Aliifanya kazi hiyo polepole, msimu mzima wa mvua na kiangazi kilichofuata. Alinyosha usukani. Alibadilisha njiti. Tangi alilipaka rangi ile ile ya kijani, akaenda mpaka Mwanza kuitafuta. Dada yake alikuwa akipita na ndoo ya maji bila kuitazama ile pikipiki. Hakumuuliza anaifunga ili iweje. Sote tulijua.

Asubuhi ya mashindano nilikuwa nakunywa chai jikoni. Mke wangu alikuwa anapuliza moto.

"Baba watoto," akasema, "ikatae."

"Ina kosa gani?"

"Litafute."

"Nisipolipata?"

"Kila mwaka unawapata watu makosa. Na hili utalipata ukitaka."

Nilimwambia siwezi kusema mbovu wakati ni nzima. Nilimwambia kwamba siku nikikataa mashine nzima, siku nyingine nikisema mbovu hakuna atakayenisikia, na mtu atakufa kwa hilo. Yote haya ni kweli, na niliyasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Miaka yote watu walinibembeleza nipitishe vyuma chakavu. Wa kwanza kunibembeleza nikatae mashine nzima alikuwa mke wangu mwenyewe. Nilikasirika, nakiri, na chai ikanishinda.

"Hata mwaka wa marehemu ulisema ni nzima," akasema.

"Ilikuwa nzima."

"Basi."

Akarudi kupuliza moto. Moto ulikuwa umeshawaka vizuri.

Uwanja ulijaa siku ile kuliko miaka iliyopita. Ngoma za pande zote mbili zilikuwa zinalia, kila moja ikijaribu kuifunika nyingine. Shemeji yangu aliisukuma pikipiki ya kaka yake mbele yangu. Alinisalimu kama mtu wa mbali, "Shikamoo fundi," akasimama akingoja kuamrishwa.

Nilimkagua kuliko nilivyowahi kumkagua mtu. Nilimrudisha kwenye breki mara kwa mara mpaka wengine wakaanza kulalamika. Nilimfanya alale chini aguse waya wa boliti kwa kidole mbele ya macho yangu. Alipogonga njiti nilifumba macho, na nasema kweli, nilikuwa naomba nisikie sauti ya bati. Zililia zote, safi, moja baada ya nyingine, kuzunguka gurudumu zima. Hakuna mashine iliyowahi kuja mbele yangu imefungwa kwa uangalifu namna ile. Nikamwambia achovye chokaa.

Alichora mstari juu ya tangi la kijani, akaiingiza zizini, akatoka. Nilihisi fahari kwa ajili yake, na papo hapo nikahisi vibaya kwa kuihisi.

Mke wangu alikuja wakati mwenyekiti anawaita waendeshaji wasogee. Alikuwa amevaa nguo zake za kwenda kanisani. Watu walimpisha wakidhani ananiletea chakula, nami pia nilidhani hivyo mpaka nilipoona mikono yake mitupu. Hakunitazama. Aliinama akapita chini ya fito za zizi. Akatembea katikati ya pikipiki akikusanya khanga yake vizuri isiguse pikipiki ya mtu mwingine yeyote, akafika kwenye ile ya kijani, akaweka kiganja chake juu ya tangi, juu ya ule mstari wa chokaa. Akasimama hapo.

Ngoma za upande mmoja zilinyamaza, halafu za upande wa pili.

"Dada," mdogo wake akasema, "toa mkono."

"Nimeshagusa," akajibu.

Mwenyekiti alinijia akinong'ona. Alikuwa mtu mwema, asiyependa aibu. "Fundi, huyu si mama wa nyumbani kwako? Ni dada wa kijana. Hana dawa, hana nini. Tufanye kama hatujaona."

Lakini upande wa pili waliona vizuri sana, walikuwa wameshaanza kupiga kelele, "Sheria! Sheria!" na wa upande wake wakawajibu kwamba dada si mtu wa nje, mkono wake ni mkono wa nyumbani. Kila mtu aligeuka kunitazama mimi. Ndicho nilichosema mwanzo, kwamba kazi hii inachosha uso.

Shemeji yangu alisimama mbele yangu, kofia ya mgodi mkononi. Sasa hakuniita fundi. "Shemeji," akasema, "umeikagua mwenyewe. Waambie watu."

"Ni nzima," nikasema, kwa sauti ya kusikika.

"Basi niache niende."

"Imeguswa."

Alinitolea macho kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anangoja nicheke, niseme ni utani wa mashemeji, maana sisi tulikuwa tunataniana sana. Nikapita chini ya fito. Mke wangu alitoa mkono wake, nikaufuta mstari wa chokaa kwa kiganja changu. Ilikuwa pikipiki ya kwanza niliyoigusa kwenye uwanja ule, na tangi lilikuwa la moto kwa jua.

Shemeji yangu aliitoa zizini akiisukuma peke yake, akikataa msaada. Mashindano yalifanyika. Nani alishinda nimesahau. Hakuna aliyeanguka siku ile, hata mmoja, na jambo hilo lilitusumbua nyumbani kwa miaka, kwa sababu lingeweza kuwa na maana mbili na hatukujua tuchukue ipi.

Tuliporudi tulikuta pikipiki imeegemezwa ukutani na shemeji hayupo, wala begi lake. Mke wangu alipika ugali, tukala. Sheria ilikuwa yangu, na yeye aliifuata kuliko mimi.

Baadaye tulisikia shemeji yuko Geita. Wachimbaji wadogo walikuwa wameanza kurudi kwenye mawe ya zamani na kufungua mashimo mapya porini, wakiyaita maduara, na alikuwa mmoja wa wanaoshuka. Kule hakuna mkaguzi. Mtu anafungwa kamba kiunoni anashushwa, mlango wa shimo umeshikiliwa kwa magogo aliyokata jirani, na kamba yenyewe hakuna anayeiuliza umri wake. Mvua zikianza, habari za udongo kushuka zilikuwa zinatufikia pamoja na wasafiri wa Kahama. Mke wangu alikuwa anakwenda stendi kuwauliza watu wanaotoka huko, sura ya mdogo wake ikoje, anakohoa, ana meno yake yote. Jioni moja alisema, bila mimi kumuuliza, "Nilidhani nimemtoa kwenye moto." Kabla ya hapo nilikuwa bado na hasira naye kidogo, ya kunifanya niwe mbaya mbele ya watu. Siku hiyo hasira iliniisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira.

Na mashindano hayakurudi tena. Vita ilikuja, baada ya vita mafuta yakaadimika, petroli ikawa ya kuombea kibali, na hakuna ambaye angethubutu kuimwaga kwa mchezo. Kamati haikuvunjwa, ilisahauliwa tu. Siku ile aliyokatazwa shemeji ndiyo iliyokuwa ya mwisho, lakini wakati ule hakuna aliyejua. Nilikuwa nawaza jambo hilo kila nilipoipita ile pikipiki ukutani. Tuliifunika kwa magunia ya pamba. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi.

Shemeji alirudi miaka ya themanini, kiangazi, mchana, ameshuka kwenye lori la mkaa. Alikuwa amekonda, ana kikohozi cha vumbi la mawe, nywele zimeanza mvi wakati yeye ni mdogo kwetu sote. "Shikamoo shemeji," akasema. "Shikamoo dada." Mke wangu aliitikia marahaba akakimbilia jikoni, nikasikia sufuria zinagongana bila sababu.

Alikunywa maji, akakaa, akaitazama ile pikipiki. Kisha akaniambia jambo ambalo kumbe alikuwa amelibeba muda wote ule. Alisema kule chini ya ardhi mtu ana nafasi ya kufikiri, na yeye alifikiri akafikia uamuzi: kwamba siku ile mimi niliona kosa kwenye mashine. Niliona kosa, nikaona haya kumkataa mbele za watu kwa sababu ni shemeji yangu na amefiwa, basi nikamtuma mke wangu amkatae kwa niaba yangu.

"Sikukasirika kwamba mlinitoa," akasema. "Nilikasirika kwamba hamkuniambia. Niliifunga kwa mikono yangu, shemeji. Nataka kujua nilikosea wapi."

"Hukukosea."

"Ikague."

"Niliikagua."

"Hukuigusa. Leo iguse."

Akaondoa magunia. Nikapiga magoti kwenye vumbi la uani mwangu, mzee mwenye magoti mabovu, na kwa mara ya kwanza nikaikagua pikipiki ile kwa mikono. Nilipitisha vidole kwenye uma wa mbele nikitafuta ufa. Nilishika njiti moja moja. Nilifungua ngoma za breki nikaangalia ndani. Niliufuata waya wa boliti kwa kucha. Matairi yalikuwa yamekauka na mpira umepasuka, lakini hiyo ilikuwa kazi ya miaka. Alichokifunga yeye kilikuwa kama alivyokifunga. Alisimama kando yangu, akipumua kwa taabu, akingoja.

"Nzima," nikasema.

"Na siku ile?"

"Siku ile pia. Sijawahi kukagua nyingine iliyofungwa vizuri kama hii."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mdogo wake aligeuka akamtazama, na nikaona kwamba sasa hasira ndiyo inaanza kweli, kwa sababu alikuwa amepoteza kisingizio alichoishi nacho.

"Dada, umesikia? Ilikuwa nzima."

"Najua," akasema. "Ingekuwa mbovu, huyu angekukataa mwenyewe, na mimi ningekaa nyumbani nikapika."